Barabara Ikifungwa, Nani Amesema Mwenyezi Mungu Amekataa?



Ukitoka Bujumbura kwenda Rumonge kwa barabara ya taifa namba 3, Ziwa Tanganyika linakuwa mkono wako wa kulia na milima ya Mumirwa mkono wa kushoto, na katikati hapana nafasi kubwa. Ukifika Gitaza, katika komini ya Muhuta, mlima na maji vimekaribiana sana, barabara inapita kwa kujibana. Hapo ndipo kwetu. Mwezi Machi 2015 mlima uliporomoka pale. Udongo na mawe vilishuka juu ya nyumba, watu wakafa, njia ikakatika.

Nilikuwa bado mwanafunzi, na ninakumbuka watu walivyofanya. Walizika maiti wao. Waislamu wakasoma dua, Wakristo wakaenda kanisani. Kisha majembe yakatoka, mashine zikafuata, udongo ukaondolewa. Sikumsikia mzee hata mmoja akisema kwamba Mwenyezi Mungu ameifunga barabara hii, kwa hiyo watu wa Rumonge waache kwenda Bujumbura. Angesema hivyo, wangemcheka.

Nimeanza na barabara kwa sababu mwaka 2020 maneno hayo hayo niliambiwa mimi, na hapo hakuna aliyecheka.

Habari yangu ni fupi na haina ajabu. Nilimaliza masomo ya uhandisi wa ujenzi, nikapata kazi ya mkataba katika kampuni ndogo ya Bujumbura, nikawa ninapima udongo na kusimamia mitaro na kalavati. Nilikuwa nimepata pia nafasi ya kusoma shahada ya pili nchi ya nje, masomo yaanze Septemba 2020. Machi ya mwaka huo ndege za abiria zikasimamishwa. Tarehe 31 Machi serikali ikatangaza wagonjwa wa kwanza wa korona nchini. Kwetu Burundi watu hawakufungiwa majumbani kama nchi nyingine. Masoko yalikuwa wazi, uchaguzi ulifanyika Mei, misikiti tulisali. Lakini vifaa vya ujenzi vilichelewa, wenye miradi wakashika fedha zao, na mkataba wangu haukuendelezwa. Uwanja wa ndege ulipofunguliwa tena Novemba, masomo kule yalishaanza na ufadhili ulikuwa umekwenda na mwaka wake.

Nikarudi Gitaza kwa mama, anayeuza ndagala. Asubuhi nilimsaidia kuanika, jioni nilikaa nikitazama ziwa. Nilikuwa silali. Nilikuwa nikisali huku moyo uko mbali, kisha ninajilaumu kwa hilo, kisha silali kwa sababu ya kujilaumu. Rais mpya, alipotangaza mwezi Juni kwamba korona ndiyo adui mkubwa wa Warundi, bei ya sabuni ya buluu ilipunguzwa kwa nusu ili watu wanawe mikono. Mimi nilinawa. Ila lililokuwa limenishika halikuwa la kutoka kwa sabuni.

Ndipo baba mdogo alipokuja, na baada yake jirani, na baada ya jirani mzee mmoja wa msikitini ninayemheshimu mpaka leo. Kila mmoja alisema kwa upole wake, na maana ilikuwa moja: “Mwanangu, huoni? Kazi imekatika, safari imekatika. Mwenyezi Mungu anakuonyesha kuwa njia hiyo si yako. Mwanamke na mambo ya barabara wapi na wapi. Tulia nyumbani, utapata mume, utapata raha.” Kaka yangu alipoteza kazi mwezi ule ule, alikuwa dereva wa magari ya mizigo. Kwake walisema: “Vumilia, mambo yatafunguka.”

Nimefikiri miaka kadhaa juu ya tofauti hiyo. Sitaki kuifanya makala hii kuwa ya haki za mwanamke, wala kuwarudishia habari za Bi Khadija na biashara yake. Huandikwa kila mwaka na ni za kweli. Ninauliza swali jingine, ambalo linamhusu na kaka yangu: je, tuna haki ya kulisoma tukio kama barua? Jambo likitokea, ni qadari ya Mwenyezi Mungu, hilo ni nguzo ya imani yetu. Lakini je, qadari iliyokwisha tokea ni amri pia ya nini nifanye kesho?

Wanaosema ndiyo wana hoja, na si ya kudharauliwa. Wanasema: kila kitu kiko mikononi mwake, Yeye ni Mwenye hekima, hafanyi jambo bure. Basi aliyezuiwa ana jambo la kujifunza. Anayeendelea kugonga mlango uliofungwa anakuwa kama anayeshindana na Mola wake. Ninakubali sehemu ya kwanza yote. Sehemu ya mwisho ndiyo siioni inavyofuata. Kwamba tukio lina hekima, sawa. Kwamba mimi, au baba mdogo, tumeijua hekima hiyo ni ipi, hilo ni dai jingine kabisa, na ni dai kubwa. Ni kudai kujua ghaibu, tena kwa kutazama ratiba ya ndege.

Someni Suratul Fajr. Humo Mwenyezi Mungu anamtaja mtu ambaye akineemeshwa husema Mola wake amemtukuza, na akibanwa riziki husema Mola wake amemdhalilisha. Kisha Mwenyezi Mungu anazikataa kauli zote mbili kwa neno moja. Si kauli ya pili peke yake. Hata yule aliyefaulu hana ruhusa ya kusema kufaulu kwake ni cheti cha kuridhiwa. Hili linatuhusu sana sisi wa vyuoni, maana wenzetu waliopata kazi na nafasi za masomo mwaka ule ule wa korona walikuwa wakituambia kwamba wao walitawakali vizuri.

Na kuna kisa cha Sayyidna Umar (R.A.) ambacho tulikisikia mara nyingi wakati wa korona, lakini kwa nusu. Umar alikuwa njiani kwenda Sham, akafika Sargh, akapata habari kwamba tauni imeingia kule. Akawaita Muhajirina, wakahitilafiana. Akawaita Answari, wakahitilafiana. Akawaita wazee wa Kikureishi, wakashauri arudi, naye akaamua kurudi. Abu Ubayda (R.A.) akamuuliza kama anaikimbia qadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kwamba anatoka katika qadari kwenda katika qadari, akampigia mfano wa mchungaji mwenye bonde la pande mbili, moja lina majani na jingine kame: akilisha huku au kule, kote ni kwa qadari. Baadaye Abdurrahman bin Auf akaleta Hadithi ya Mtume (S.A.W.) kwamba ardhi yenye tauni usiiingie, na ikikukuta ndani yake usiitoke kwa kuikimbia.

Nusu ya kisa ambayo haikusimuliwa sana ni hii. Abu Ubayda alibaki Sham pamoja na askari wake, na akafa kwa tauni ya Amwas. Umar alirudi Madina akaishi. Tukio moja, Swahaba wawili wakubwa, mmoja amerudi na mwingine amekaa. Hakuna Mwislamu anayesema kifo cha Abu Ubayda kilikuwa ishara kwamba Mwenyezi Mungu alikataa safari yake ya Sham. Uamuzi wa kila mmoja wao ulitokana na shauri, jukumu alilobeba, na mafundisho waliyokuwa nayo. Tauni yenyewe haikumwambia yeyote la kufanya.

Sasa nirudi kwenye kazi yangu, kwa sababu nadhani uhandisi una la kusema hapa, na kwa sababu ndiyo lugha ninayoijua.

Mlima ukiporomoka juu ya barabara, mhandisi ana njia mbili. Ya kwanza ni kusafisha na kuimarisha: kuondoa udongo, kuchimba mitaro juu ya mteremko ili maji ya mvua yasizame ndani, kuweka vikapu vya waya vilivyojazwa mawe kwenye kitako, kupanda miti mahali ilipokatwa. Ya pili ni kuihamisha barabara. Zote mbili ni halali. Siku nyingine kuhamisha ndiyo akili yenyewe. Kwa hiyo sisemi kwamba kila mlango uliofungwa lazima ugongwe mpaka ufunguke. Kuna mtu aliyepoteza kazi mwaka 2020 akabadilisha fani na akafanya vizuri. Ninachosema ni kwamba huwezi kujua ufanye lipi kwa kuutazama udongo uliolala barabarani. Udongo uliolala barabarani unakuambia kitu kimoja tu, kwamba mlima umeanguka. Lazima upande juu, uchimbe mashimo ya kupimia, uone maji yanapita wapi, mwamba uko kina gani, na uhesabu gharama ya kubaki na gharama ya kuhama.

Barabara yetu wenyewe ni mfano. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilipitisha fedha za kuijenga upya sehemu ya Rumonge mpaka Gitaza, kilomita 45, pamoja na kilomita 260 upande wa Tanzania kutoka Kabingo kupita Kasulu hadi Manyovu. Miaka mitatu tu baada ya maafa. Waliopitisha waliujua mlima. Waliona kwamba watu wa ufukwe huu watapita hapa kwa vyovyote, kwa magari au kwa miguu, basi afadhali wapite salama.

Na mimi? Kupima kwangu kulikuwa kuuliza maswali yasiyo na utukufu. Kampuni ilinikatia mkataba kwa sababu sijui kazi? Hapana, iliwakatia na wengine. Nafasi ya masomo ilikwenda kwa sababu sikustahili? Hapana. Je, nina mtu anayenitegemea ambaye kazi hii inamdhuru? Mama alisema hapana, tena kwa ukali. Je, ninataka ndoa? Ndiyo, ninataka, na sikuona mahali ambapo ndoa na kupima udongo vinagombana, ila kwa mchumba mmoja aliyeona vinagombana, tukaagana kwa heri. Nikasali istikhara. Sikuota ndoto yoyote. Wengi tunangoja ndoto, lakini dua yenyewe, ukiisoma, inaomba heri iwezeshwe na shari iepushwe. Haiombi kuonyeshwa sinema.

Limebaki suala la huzuni, ambalo nimelipita haraka hapo juu kwa sababu bado ni gumu kulisema. Niliambiwa kwamba kukosa usingizi kwangu ni upungufu wa imani. Nilikaribia kuamini. Kilichonitoa ni Suratu Yusuf, niliyokuwa nikiihifadhi tangu utotoni bila kuisikiliza. Nabii Yaaqub (A.S.) alilia mpaka macho yake yakawa meupe. Wanawe wakamlaumu kwamba atajiangamiza kwa kumkumbuka Yusuf. Hakuwajibu kwamba hana huzuni. Aliwajibu kwamba anamshitakia Mwenyezi Mungu huzuni yake. Na maneno yake yanayofuata, hapo hapo, ni kuwatuma waende wakamtafute Yusuf na nduguye, wasikate tamaa. Huyo ni Nabii, macho yamekwisha, na bado anapanga safari ya wanawe. Huzuni yake haikuzuia mpango, na mpango wake haukumlazimisha ajifanye mzima. Mtume wetu (S.A.W.) naye alikuwa akiomba kinga dhidi ya wasiwasi na huzuni, dua tunayofundisha watoto; asingeiomba kama vitu hivyo havimpati muumini.

Kwa hiyo nilikwenda kituo cha afya nikasema ukweli. Muuguzi, mama mtu mzima, alinisikiliza karibu nusu saa huku foleni ikinung'unika nje, akanipangia kurudi kila wiki. Nilirudi. Ninawaandikia haya hasa ninyi dada zangu mlio katika vitivo ambamo mko wawili au watatu darasani, na ninyi kaka zangu ambao mnadhani mwanamume halii: kumweleza mtu aliyesomea kazi hiyo si kumshitaki Mwenyezi Mungu kwa viumbe. Mguu ukivunjika hatuulizi swali hilo.

Rumonge kila mtu ana habari za michikichi. Mawese yetu yanajulikana mpaka mbali. Mchikichi ukiupanda leo unangoja miaka kabla ya kuukamua. Mwanzoni mwa 2021, mipaka ya nchi kavu na ya ziwani ilipofungwa tena, mama alipanda miche sita nyuma ya nyumba. Nikamwambia hatujui hata mwezi ujao utakuwaje. Akanikumbusha Hadithi ya mche wa mtende: Kiyama kikisimama na una mche mkononi, ukiweza kuupanda, upande. Kisha akanituma maji.

Nilipata kazi tena mwaka uliofuata, ya mshahara mdogo kuliko wa kwanza, ya mitaro na kuta za kuzuia udongo. Shahada ya pili sijaisoma. Nimeomba mara mbili, nikakataliwa mara mbili, na nitaomba tena inshallah. Neno hilo Suratul Kahf inatutaka tuliseme pale tunaposema tutafanya jambo kesho, kwa hiyo linadhani tayari tuna jambo la kesho.

Yule mzee wa msikitini nyumba yake iko chini, upande wa maji. Ziwa lilipopanda mwaka 2021 lilifika uani kwake, likarudi kidogo, likapanda tena 2024 likazidi. Alinituma mtu nije kutazama ukuta. Nilizunguka nyumba mara mbili, nikachimba kidogo kwenye kona, maji yakajaa shimo kabla sijasimama. Nikamwambia, “Mzee wangu, hapa hapafai tena, hamieni juu ya barabara.” Akanitazama, akatabasamu, akaniuliza, “Kwa hiyo Mungu amenikataza nyumba yangu?”

Nikamwambia hilo silijui, ninachojua ni kwamba msingi umelowa. Alihama mwezi ule ule, kwa mwanawe, na mlango wa mbao na madirisha aliving'oa akaenda navyo.