Tarumbeta Halinunuliwi kwa Mng'aro

Wanangu wa vikundi vya matarumbeta, naona msimu wa harusi unabisha hodi na daftari la michango limeanza tena kupita sharikani. Najua kitakachofuata. Fedha zikitimia, kamati itawatuma vijana mjini, nao watarudi na tarumbeta jipya la bei poa, linang'aa hata ungeweza kunyolea ndevu mbele yake. Vigelegele vitapigwa. Mwaka haujageuka, vali zimeganda, lehemu imeachia, na mpigaji kafunga bomba kwa utambi wa mpira wa baiskeli. Zamani nilikuwa nagomba. Siku hizi nacheka tu, kisha naulizia chai.

Siwalaumu. Sisi na mng'aro tuna historia: vijana wa ngoma ya beni walipokuwa wakishindana Lamu na Mombasa zaidi ya miaka mia iliyopita, mavazi yalitazamwa sawasawa na mapigo. Lakini samaki hanunuliwi kwa magamba, hufunuliwa mashavu. Tarumbeta lililopigwa Ujerumani au Uingereza miaka 30 na mwenye kulijali, hata kama vanishi imebanduka pale mkono uliposhika, litawafaa kuliko hilo jipya la dukani ambalo hata fundi hataki kulifungua.

Basi mkiletewa kuukuu, lifunueni mashavu. Vuteni bomba dogo la vali ya kwanza au ya tatu bila kubonyeza pistoni. Likitoka na mlio wa "po!", kama kizibo cha chupa, vali zinabana hewa vizuri. Likitoka kimyakimya, pumzi ya mpigaji itakuwa inavuja hapo siku zote. Ng'oeni pistoni muone namba zake, maana kila moja ina nyumba yake. Ikiwekwa kwa jirani, hewa hufungiwa njia na tarumbeta zima husingiziwa ubovu. Mulikeni tochi ndani ya bomba linalopokea mdomo wa kupulizia. Shaba ya tarumbeta ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, na mate yanayolala humo bila kusuuzwa huila ile zinki polepole, yakaacha madoa ya waridi yenye kitovu cheusi. Hayo hayasuguliki yakatoka. Bomba hubadilishwa.

Kubonyea je? Kubonyea kwa domo kubwa la mbele ni aibu ya macho tu, kunanyooshwa. Kubonyea karibu na vali ni jambo jingine. Na tromboni ndiyo kabisa: kovu dogo kwenye mrija wa kuteleza, mkono unakwama katikati ya wimbo na bwana harusi anageuka kutazama. Pia mkiona chombo kizee kinameta kupita kiasi na maandishi ya kiwanda yamefifia, jueni kimesuguliwa mpaka shaba yake imekuwa nyembamba. Muuzaji wa namna hiyo hakosekani soko lolote.

Kuna na mtego wa sauti. Vikundi vya gwaride vya Marekani vilipiga kwa miaka mingi vyombo vya ufunguo wa G. Mashindano yao makubwa yaliporuhusu ufunguo wowote, mwaka 2000, vile vya zamani vikaanza kuuzwa. Ni vizuri, imara, na havitakubaliana na matarumbeta yenu ya B flati hata mkifunga na kuomba. Vilevile vyombo vya Kiingereza vilivyotengenezwa kabla ya miaka ya 1960 vingi vilipandishwa sauti karibu robo ya toni. Pigeni pamoja na kinanda kabla ya kufungua pochi.

Linaloniuma zaidi ni mtoto. Chombo kinachovuja hupewa yule mdogo kuliko wote, kwa kuwa "bado anajifunza". Anapuliza mpaka mishipa ya shingo inasimama, noti ya juu haitoki, wenzake wanamcheka, na baada ya miezi anarudisha tarumbeta na kusema hana kipaji. Kipaji alikuwa nacho. Alipewa bomba lenye tundu.

Mkishapata kilicho kizuri, nawaomba, kisirudi jikoni. Mafuta ya alizeti ni ya kukaangia. Kwenye vali yanageuka gundi. Jivu na ndimu yaachieni masufuria. Vali zina mafuta yake mepesi, matone machache kabla ya kupiga yanatosha. Mwageni mate kila mmalizapo, suuzeni kwa maji ya uvuguvugu mara kwa mara, kausheni. Najua mtasahau wiki mbili za kwanza, kila mtu husahau. Anzeni tena ya tatu.

Na safari hii msimtume mwenye mkoba peke yake. Mpelekeni mpigaji, na mdomo wake wa kupulizia aliouzoea, apulize nyimbo mbili polepole na noti za chini kabisa, kisha yeye ndiye aseme ndiyo au hapana. Sehemu ya fedha baki nayo, mweka hazina, ni ya fundi.