Godoro la Bibi, na Kununua Tusichokiona

Vikao vitatu vya Halmashauri ya mtaa wetu vimepita tukizungumza habari ya godoro. Wako watakaocheka, na sisi wenyewe tulicheka siku ya kwanza. Kikao cha pili hatukucheka tena, na cha tatu kilikwisha saa mbili usiku watu wawili wakiwa hawasemezani. Kwa hiyo tumeona afadhali tuwaeleze ninyi mlio nje ya kikao, kwa sababu fedha iliyobishaniwa ni sadaka yenu.

Yupo bibi mmoja mjane, ambaye wengi wetu alitufundisha Katekisimo tulipokuwa wadogo. Mwaka jana alipooza upande wa kushoto. Godoro lake la sponji limekwisha kubonyea katikati, hata mbavu zake zahesabu mbao za kitanda. Watoto wake walioko Dar es Salaam wakaona katika simu tangazo la godoro la sponji ile ambayo wauzaji husema ina kumbukumbu: ukilala hulifuata umbo la mwili wako, na ukiinuka hurudi polepole mahali pake. Bei yake laki saba na nusu. Pesa hutumwa kwa simu, godoro hukamuliwa hewa yote, likakunjwa kama jamvi, likapakiwa melini mpaka Mkoani. Watoto walikuwa tayari kutoa nusu, wakaomba mfuko wetu wa wagonjwa utoe nusu ya pili.

Swali lililotangulia lilikuwa la anasa. Mzee mmoja wa kanisa alisimama akasema kwamba yeye alizaliwa juu ya mkeka, akalelewa juu ya kitanda cha kamba, na mgongo wake mpaka leo hauna neno. Ni kweli. Hapa Pemba wengi wetu tumepita njia hiyo hiyo. Kulikuwa na mkeka wa ukili. Kukawa na kitanda chenye matendegu ya mti na kamba za usumba, ambazo zikilegea zilikazwa upya na watoto tukapewa kazi ya kuzivuta. Halafu likaja godoro lililojazwa usumba, yaani makumbi ya nazi yaliyofukiwa pwani miezi mingi na kupondwa. Aliyejiweza alijaza sufi, na kila mara ilipofanya mabonge aliianika juani na kuichambua. Sponji ilikuja nyuma ya hayo yote. Asili yake ni kazi ya Wajerumani, Otto Bayer na wenzake, mwaka 1937. Hii yenye kumbukumbu ni mdogo wake: ilibuniwa mwaka 1966 kwa ajili ya shirika la anga la Marekani, NASA, ili viti vya ndege vimlinde zaidi anayekalia, na ilipofika miaka ya 1990 Waswidi walikuwa wakiiuza kwa walalaji wa kawaida.

Je, kila hatua katika hizo ilikuwa anasa? Nabii Amosi aliwakemea waliojilaza juu ya vitanda vya pembe, na katika Kumbukumbu la Torati tunasoma habari za Ogu mfalme wa Bashani, ambaye kitanda chake cha chuma kilikuwa na urefu wa mikono tisa. Lakini wale watu wanne waliotoboa dari hawakulaumiwa kwa kumshusha mwenzao aliyepooza pamoja na alichokilalia. Waliotutafsiria Biblia ya Union Version mwaka 1952 walikiita kitu hicho godoro, nasi tunadhani walichagua vema. Anasa haimo katika sponji. Mtu mzima anayetaka laki saba za kulalia wakati jirani yake hana unga, huyo ana la kujibu. Mgonjwa ambaye ngozi ya kiuno imeanza kuwa nyekundu hana.

Hapo pangekwisha, kama isingekuwa swali la pili: kununua kitu ambacho hatujakiona. Mmoja wetu amewahi kufanya hivyo. Alionyeshwa picha ya godoro la inchi sita, likaja la inchi nne, na simu ya muuzaji haikupatikana tena. Kwa sababu hiyo alipinga kwa nguvu, tena kwa haki.

Jirani zetu Waislamu wamelifikiria jambo hili kwa miaka mingi kuliko sisi. Wanazuoni wa Kishafi, wanaofuatwa na walio wengi kisiwani hapa, hawakuridhika na kuuzwa kwa kitu ambacho mnunuzi hajakiona. Wahanafi waliruhusu, ila wakampa mnunuzi hiari: akishakiona ana haki ya kukikataa. Tuliyasikia hayo kutoka kwa mwenye duka mmoja wa Wete tulipomwendea kuuliza bei, na tulirudi njiani tukikiri kwamba swali letu ni la zamani kuliko simu.

Hata hivyo tusijidanganye juu ya macho yetu. Dukani twafanya nini? Twabonyeza kwa ngumi, twanusa, twauliza inchi ngapi. Ngumi haijui mgongo utasema nini usiku wa arobaini. Huko Ulaya na Marekani baadhi ya wauzaji huruhusu mtu alalie godoro siku mia moja kisha alirudishe akipenda (na tumejiuliza kama ni uaminifu kulichukua ukiwa umekwisha kuazimia kulirudisha). Faida ya dukani ni nyingine. Mwenye duka wa Wete tunaijua nyumba yake, naye anazijua zetu. Godoro likipasuka, tutakutana naye sokoni, na mmoja wetu atalazimika kutazama chini.

Na hapa ndipo palipotuuma. Msimu wa karafuu ukichelewa, mchele tunakopa kwa nani? Ni kwa mtu huyo huyo. Ameandika majina yetu katika daftari lake, Wakristo na Waislamu, akangoja mpaka karafuu zikauke juu ya majamvi. Je, ni haki kumwendea na mkono mtupu kwa ajili ya mchele, na tukishika fedha taslimu tuipeleke Dar es Salaam kwa mtu tusiyemjua? Wengine walisema deni la wema hulipwa kwa wema. Wengine walijibu, nao walikuwa na hoja, kwamba hatuwezi kulipa madeni yetu ya mchele kwa mgongo wa bibi: kama godoro la mbali ndilo litakalomfaa, shukrani zetu kwa mwenye duka tuzilipe kwa njia nyingine. Hapo ndipo wale wawili walipoacha kusemezana.

Muuguzi tuliyemwomba ushauri alitusaidia kwa maneno machache. Sponji ya daraja ya juu huzuia vidonda kuliko sponji ya kawaida, alisema, lakini hakuna godoro linalomgeuza mgonjwa. Kisigino, nyonga na mwisho wa uti wa mgongo vyataka kupumzishwa kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku, na hiyo ni kazi ya mikono. Akaongeza kwamba sponji ile hulainika kwa joto la mwili na kulishika joto hilo, jambo ambalo watu wa nchi za baridi hulifurahia zaidi kuliko sisi wa Pemba mwezi wa Februari.

Tulipokuwa tukiyapima hayo, mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama, ambaye hakuwa amesema neno vikao vyote, aliuliza: bibi mwenyewe amesemaje?

Tuseme kweli, ndugu. Hakuna aliyemwuliza. Tulikuwa tumeipekua Biblia, tumesikia fiqhi, tumesikia habari za ndege za Marekani, na mwenye mgongo yuko hatua mia mbili kutoka kanisani.

Wawili walikwenda kesho yake. Aliwasikiliza, akauliza godoro hilo linafanyaje mtu akilala. Walipomweleza kwamba mwili huzama kidogo na sponji hurudi taratibu, alitikisa kichwa. "Wanangu, msininunulie shimo," alisema. Mkono wake wa kuume bado una nguvu. Kila alfajiri huushika ukingo wa kitanda, akajivuta mwenyewe mpaka akakaa, akasali. Hicho ndicho kitu kimoja anachokifanya bila kusaidiwa. Alitaka godoro gumu kiasi cha kumwezesha kukifanya, na alitaka kitanda kisogezwe karibu na dirisha.

Basi tulinunua Wete sponji nzito ya inchi nane, kwa laki mbili na ushei. Bibi alipelekewa kipande cha sponji hiyo kwanza, akakibonyeza kwa kiwiko, akakubali. Godoro lilifika Alhamisi kwa gari la ng'ombe. Mwanawe amepiga simu mara mbili. Amehuzunika, kwani alitaka mama yake apate kilicho bora, na anahisi Halmashauri imechagua cha bei nafuu. Padre amemjibu, na bibi mwenyewe amezungumza naye. Tunadhani atakuja wakati wa Pasaka aone.

Ukingo wa kitanda umetiwa ubao imara wa kushikia, na kitanda kiko dirishani. Kuhusu kumgeuza, Umoja wa Akina Mama wamepanga zamu za mchana na vijana wamechukua jioni. Zamu ya usiku wa Jumanne bado haina mtu.