Ahadi ya Muuzaji ni Deni

Wahenga walisema: Rahisi ghali. Kwa methali hiyo walitufundisha kwamba mwenye kukimbilia bei ndogo mara nyingi hulipa mara mbili. Lakini je, tumwambie nini mtu aliyeishika methali hiyo, akajinyima, akanunua kitu cha bei kubwa kuliko vyote vilivyokuwamo dukani, nacho kikamharibikia kabla ya wakati wake? Swali hili twataka kulitazama leo kwa mfano wa kitu kinachojulikana na kila mwenye gari, yaani betri.

Tumfikirie mtu wa Myamba, katika milima ya Upare, wilayani Same. Huko watu hulima tangawizi, na tangawizi haileti fedha mpaka ishuke mlima kwenda sokoni. Mwenye gari dogo la mizigo ni tegemeo la jirani zake: leo hubeba magunia, kesho mgonjwa. Mtu huyo anunua mjini betri ya daraja la juu. Muuzaji amsifia, kisha ampa karatasi ya dhamana, ile iitwayo waranti, ya mwaka mzima. Mwezi wa saba, asubuhi moja, apiga stata, gari kimya.

Basi ashuka mlima na betri yake nzito. Dukani aambiwa kwamba ameitumia vibaya. Akibisha, aambiwa aiache ikachunguzwe Dar es Salaam, arudi baada ya wiki tatu. Arudi, jibu halijafika. Kila safari ni nauli na siku ya kazi iliyopotea. Mwishowe apiga hesabu, aona kwamba kuidai haki yake kwamgharimu kuliko haki yenyewe. Anunua betri nyingine, anyamaza.

Tusiharakishe kumhukumu muuzaji. Betri ya gari ya kawaida ina vyumba sita, na ndani yake mna sahani za risasi zilizozama katika maji ya tindikali. Ikiachwa bila umeme kwa majuma mengi, sahani hufunikwa na chembe nyeupe ngumu, nayo haipokei tena umeme kama zamani. Joto huiharakisha kuzeeka. Mtikisiko wa barabara mbaya hupukutisha sahani. Altaneta mbovu huichaji pungufu au kupita kiasi. Yawezekana, basi, kwamba mwenye gari ndiye aliyekosa, naye hajui. Na wako pia wanaojua, walioacha taa zikiwaka usiku kucha, kisha wakaenda dukani kuapa kuwa hawakufanya kitu. Huo nao ni wizi, hata kama aliyeibiwa ni tajiri.

Lakini yawezekana vilevile kwamba betri ilikuwa imekwisha kuchoka kabla ya kuuzwa. Betri hupungua nguvu hata ikikaa rafuni bila kazi, hasa penye joto. Iliyojaa huonyesha kama volti 12.6 ikiwa imetulia. Ikikaa dukani miezi mingi bila kuchajiwa, ugonjwa wake huanza humo humo. Mnunuzi aona gamba jipya linalong'aa, lakini ndani haoni.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, aliuliza kama muuzaji apaswa kutaja kasoro za bidhaa yake. Alifundisha kwamba kasoro iliyo wazi, kama farasi mwenye jicho moja, haina lazima kutajwa ikiwa bei yenyewe imepunguzwa ipasavyo. Lakini kasoro iliyofichika, iwezayo kumletea mnunuzi hasara au hatari, muuzaji hana ruhusa kuinyamazia. Farasi wa leo amefungwa ndani ya sanduku. Kadiri mnunuzi asivyoweza kuona, ndivyo neno la muuzaji linavyozidi kuwa zito, kwa maana mnunuzi hana kingine cha kutegemea.

Naye aliyenunua kwa bei ya juu hakununua risasi na tindikali tu. Amenunua na ahadi pia. Sehemu ya fedha aliyolipa ni bei ya ahadi hiyo. Kwa hiyo twasema wazi: dhamana ambayo kuidai ni ghali kuliko thamani yake si dhamana, ni pambo la kuuzia. Na muuzaji anayejua kwamba mtu wa mlimani atachoka kabla ya kulipwa, akautegemea uchovu huo, amekula fedha isiyo yake, hata kama kila neno la karatasi yake ni kweli.

Sheria ya nchi nayo haikunyamaza. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 yakataza kumpotosha mnunuzi, na Tume ya Ushindani imewekwa kuisimamia. Lakini sheria haiwezi kusimama nyuma ya kila meza ya duka. Hapo husimama dhamiri peke yake.

Tufanye nini? Muuzaji na aipime betri mbele ya mnunuzi siku ya kuiuza, aandike kipimo na tarehe katika karatasi ya dhamana. Ikirudishwa, ipimwe pamoja na altaneta mbele ya fundi asiye wa upande wowote, kwani si haki mtu mmoja awe mshitakiwa na hakimu katika kesi ile ile. Kiwanda na wakala wake wasimwachie mwenye duka dogo mzigo wote, maana naye huogopa kubadilisha betri ambayo hatarudishiwa fedha zake. Mnunuzi naye aihifadhi stakabadhi yake na kuipiga picha, kwa kuwa maandishi ya stakabadhi za mashine hufifia. Altaneta yake aikague mapema. Na akiulizwa, aseme kweli hata kama kweli hiyo yampotezea betri.

Wazazi, haya si mambo ya magari tu. Mtoto anayemwona baba yake akidanganya ili apewe betri mpya, au mama yake akificha kasoro ya kitu anachouza, amekwisha fundishwa somo ambalo hakuna shule itakayoliondoa upesi. Ahadi ni deni, nalo hulipwa hata kwa yule ambaye hana nauli ya kurudi kulidai.