Mlinzi Asiyesikilizwa



Tusomapo habari za mlinzi katika Kitabu cha Nabii Ezekieli, huwafikiria makasisi wetu. Lakini mlinzi aweza kuwa hata mtu achunguzaye samaki.

Geoffrey Fryer alikuwa Mwingereza, mtaalamu wa viumbe vya maziwa. Katika miaka ya 1950 alifanya kazi Ziwa Nyasa, kisha Jinja, penye kituo cha utafiti wa samaki. Wakati huo palikuwa na shauri la kuleta sangara katika Ziwa Victoria, ambamo hakuwamo asili. Waliotaka aletwe walisema: furu ni wengi, ni wadogo, wana miiba, na bei yao ni ndogo; heri waliwe na samaki mkubwa, nasi tumle huyo mkubwa.

Mwaka 1960 Fryer aliandika kupinga. Hoja yake hata mtoto wa shule aweza kuifuata: samaki alaye samaki hula kilo nyingi za wenzake ili aongeze kilo moja ya mwili wake. Hakusikilizwa. Kumbe sangara walikwisha kutiwa ziwani mwaka 1954, upande wa Uganda, bila idhini ya wazi. Mwaka 1962 na 1963 wakaongezwa wengine hadharani. Kwa miaka mingi haikuonekana shida kubwa. Kisha katika miaka ya 1980 sangara wakajaa, na furu, waliokuwa wa aina mamia, wakapungua upesi. Baadhi wamerudi baadaye. Aina nyingi hazikuonekana tena.

Hapa ndipo penye swali gumu. Sangara huyo huyo alileta fedha. Samaki waliovuliwa waliongezeka sana, viwanda vya minofu vikajengwa kandokando ya ziwa, na watoto wengi wakalipiwa ada kwa samaki huyo. Je, tuseme mlinzi alikosea, na waliompuuza walikuwa na haki?

Sisi twaona tupime makosa mawili. Kama Fryer angesikilizwa, na onyo lake likawa la bure, tungalipoteza fedha za miaka michache. Sangara angeweza kuletwa baadaye. Lakini aina ya furu iliyokwisha haina mbegu popote. Kosa la kungoja hurekebishika. Kosa la kuharakisha halirekebishiki. Tena, faida na hasara hazikuwaangukia watu wale wale. Furu hukaushwa kwa jua tu. Sangara ana mafuta, hutaka moshi na kuni, na mwanamke asiye na mtaji alibaki akitazama magari ya kiwanda yakipita.

Basi wajibu wa ajuaye ni kusema mapema, hata akichekwa. Fryer hakununa: mwaka 1972 yeye na mwenzake Iles walitoa kitabu kikubwa juu ya samaki wa jamii ya furu na sato katika maziwa makuu ya Afrika. Na wajibu wetu sisi tusikiao ni kumwuliza kila aletaye jambo jipya, liwe samaki wa bwawa au mti wa shambani: likiharibika, litaondolewaje? Asipokuwa na jibu, tungoje. Adamu alipewa bustani ailime na kuitunza, na watakaotufuata wana sehemu yao humo.