Tusiiache dini stendi tunapokwenda harusini

SIFA zote njema anastahiki Allah (SW), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (SAW), jamaa zake na maswahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu zangu Waislamu, zamani ndoa ilifungwa Magomeni na walima ukaliwa Kariakoo. Siku hizi vijana wetu wanafanya kazi mbali na wanaoa huko huko. Nasi tunakodi basi na kuwafuata. Hilo ni jema, kwani kuitikia mwaliko wa walima ni katika haki za Muislamu kwa nduguye. Swali ni hili: tunasafiri kama Waislamu au kama mashabiki wa mpira?

Miaka michache iliyopita tulimsindikiza kijana wetu kuoa Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012. Ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam. Tulibeba sare, dufu, spika na sanduku la bibi harusi. Msala hatukubeba hata mmoja. Adhuhuri ikaingia, Alasiri ikapita, Maghribi ikapita. Kila mmoja akimwangalia mwenzake, hakuna aliyethubutu kumwambia dereva asimame. Na basi ni letu, tumelikodi wenyewe, na lilisimama kila tulipoona mishikaki!

Tulipofika usiku, mzee wa upande wa bibi harusi, Msukuma aliyesilimu utu uzimani, alitupokea na ndoo za maji. Tukadhani ni ya kunawa tule. Akasema: "Karibuni wanangu. Najua safari ni ndefu, tawadheni kwanza mswali, chakula kipo." Sisi tuliozaliwa ndani ya Uislamu tuliinamisha vichwa.

Ndugu zangu, kwa aibu ile nausia haya:

Kwanza, teueni amiri wa safari. Mtume (SAW) ameagiza hivyo hata wasafiri wakiwa watatu, sembuse basi zima? Yeye ndiye atakayepatana na dereva, kabla ya kulipa, mahali pa kusimama kuswali.

Pili, itumieni ruhusa ya Allah. Msafiri anapunguza Adhuhuri, Alasiri na Isha kuwa rakaa mbili mbili. Maghribi inabaki tatu na Alfajiri mbili. Anaweza pia kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Maghribi na Isha. Vituo viwili tu vinatosha kwa swala nne! Lakini kwa madhehebu yetu ya Shafii, aliyenuia kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, anaswali kamili. Na msitumie ratiba ya swala ya Dar es Salaam. Bariadi iko magharibi, adhuhuri yake huchelewa kwa kadiri ya dakika 20.

Tatu, tusijitie katika maangamizi. Mabasi yaliruhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, lakini ruhusa si lazima. Juni 28, 2025, huko Sabasaba, Same, basi na basi dogo lililobeba watu waendao harusini yaligongana na kuwaka moto, wakafa makumi ya watu. Qadar ni ya Allah, lakini kukagua matairi na kumkataza dereva mbio ni juu yetu. Dada zetu nao wasiachwe kusafiri peke yao bila maharimu.

Nne, heshimuni wenyeji. Usukumani Waislamu wengi wana ndugu wasio Waislamu, nao watakuwepo. Wanawapima Waislamu kwa kukutazameni nyinyi. Jifunzeni kuamkia: asubuhi "mwangaluka", jioni "mwadila". Mkiletewa michembe au ugali wa mtama, msikunje nyuso. Mtume (SAW) hakupata kukitia kasoro chakula. Akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha. Katika msafara wetu wapo waliocheka, na mama mwenye nyumba akawasikia.

Tano, msiwe mzigo. Haki ya mgeni ni siku tatu, na haifai kukaa mpaka mwenyeji ataabike. Asiye na nauli asikope ili aonekane kwenye picha. Dua yake kutoka nyumbani inafika Bariadi kabla ya basi.

Tuliporudi, tuliswali njiani kwa jamaa, kando ya barabara, dereva akisubiri. Hakunung'unika. Kumbe tangu mwanzo hakuwa yeye aliyetuzuia. Tulijizuia wenyewe. Swala zile tulizozipoteza bado ni deni letu, na sijui kama wote tumelilipa.

Tumuombe Allah (SW) azibariki ndoa za vijana wetu, atusalimishe njiani na atujaalie kukumbuka kwamba tuko safarini hata tukiwa majumbani.

Wabillahi tawfiq.