Vunjajungu Havunji Jungu



Katika vibustani vya nyumba zetu hapa Mombasa, Tudor hata Nyali, yumo mdudu mwembamba wa rangi ya majani, aliyekunja mikono yake ya mbele mfano wa mtu aombaye dua. Jina lake ni vunjajungu, na sababu yake ni itikadi tuliyoirithi kwa wazee: amgusaye mdudu huyu, chombo atakachokishika baadaye kitavunjika. Sisi pia tulilelewa katika khofu hiyo, tukipita mbali naye.

Juzi tulikuwa wageni katika nyumba moja, na binti mdogo akaangusha sahani. Mama yake akamwuliza, "Leo umeshika vunjajungu?" Mtoto akajibu upesi, "Ndiyo, mama," na shauri likaisha hapo. Tukasikitika. Kwa neno moja mtoto amefunzwa mabaya mawili: kumsingizia kiumbe asiye na kosa, na kumkhofu asiyeweza kudhuru wala kunufaisha.

Hii ndiyo tiyara, nayo Mtume wetu (S.A.W.) ameikataza. Alipofariki mwanawe Ibrahim, jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba ule. Naye, pamoja na huzuni yake, hakuliachia neno hilo. Aliwabainishia kuwa jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu, wala havipatwi kwa kufa kwa mtu. Basi ikiwa jua halikupatwa kwa mauti ya mwana wa Mtume, je, sahani itavunjika kwa ajili ya mdudu?

Na lau tungalimtazama kwa mazingatio, tungaliona mengine. Mikono ile haiombi dua. Ina miiba kama meno ya msumeno, nayo ni mtego. Husimama kimya muda mrefu, akigeuza kichwa hata akatazama nyuma ya bega, kisha humnyakua nzi, panzi au kiwavi kabla ya jicho kupepesa. Hula hata nyuki, kwani hachagui. Lakini hana sumu ya kumdhuru mtu. Mayai yake huyahifadhi ndani ya povu, likakauka likawa gumu juu ya kijiti. Ni nani aliyemfundisha hayo?

Basi tuwafunze watoto wetu: ukimwona, usimwue wala usimkimbie; mtazame, umtukuze Muumba wake. Na sahani ikikuponyoka, sema, "Nimeivunja mimi."

Wallahu a'lam.