Mchagua Jembe

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Niliamini hivyo mpaka mchimbaji mmoja wa Nyarugusu, mkoani Geita, alipotazama filamu yangu fupi hadi mwisho, kisha akaniuliza: "Mdogo wangu, mbona mimi sipo?"

Alikuwapo. Nilimrekodi mwenyewe ndani ya duara, akivuta kamba nyuma ya wenzake wawili, mwanga wote ukitoka kwenye tochi za kichwani. Gizani kamera huleta chengachenga. Kuziondoa bila kuharibu sura ya mtu ni kazi nzito, na katika DaVinci Resolve mzigo huo hubebwa na kadi ya grafiki. Kumbukumbu ya kadi ikijaa, kazi inasimama.

Siku ya kununua kadi niliuliza kasi tu. Sikujua kwamba kasi na kumbukumbu haviendi pamoja kila mara. RTX 3060 ilitoka mwaka 2021 ikiwa na GB 12. 3060 Ti, iliyoitangulia kwa miezi michache, ina kasi zaidi lakini GB 8 tu. Mcheza gemu atachukua ya pili. Anayesahihisha rangi za video ya 4K mara nyingi atafaidika zaidi na ya kwanza. Mimi nilichagua kama mcheza gemu.

Basi kazi iliposimama, na mteja anaitaka filamu kesho yake, nilishusha vivuli mpaka giza likawa totoro. Chengachenga zikapotea. Kaka yule akapotea nazo.

Nani alaumiwe? Ni rahisi kusema kifaa, na historia ingenitetea. Kwa miongo kadhaa maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mzungu, zilizoitwa Shirley. Ngozi nyeusi ikabaki kujitafutia mwanga. Kwa hiyo kifaa hakikosi upande: aliyekitengeneza alikuwa na mtu fulani akilini.

Lakini kwangu hoja hiyo ilikuwa maficho. Ningeweza kukata tukio vipande vifupi, kushusha ukubwa wa picha wakati wa kazi, kuiacha mashine ikisaga usiku kucha. Ningeweza hata kuziacha chenga kidogo. Duarani kweli hakuonekani vizuri. Njia zote zilikuwa wazi. Kadi haikunilazimisha kumfuta mtu. Ilinitajia tu gharama ya kumwonyesha, usiku mmoja, nami nikaona ni ghali.

Tunaofanya kazi kwa vifaa vya kuungaunga tunaijua sana lugha ya "mashine haikuweza". Mara nyingi ni kweli. Ila kabla ya kuitamka, tujiulize nani analipia ukweli huo. Mara hii alilipia mtu ambaye kazi yake, hata kabla sijafika na kamera, ilikuwa kutoonekana: yuko chini, dhahabu ndiyo inayopanda juu.

Mkulima ana haki ya kuchagua jembe. Kama unasahihisha rangi, uliza kumbukumbu kabla ya kasi. Lakini ukishalishika, shamba ni lako, na magugu ni yako.

Nililirudia tukio lile kwa kadi ileile. Lilichukua usiku mzima. Chenga bado zipo, na mikono yake kwenye kamba inaonekana.